Ushairi na Utulivu wa Nafsi: Hoja kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Kilosa na Mikumi

Mgonjwa anapolazwa wodini huulizwa maswali mengi yaliyo ya lazima: anaumwa nini, tangu lini, anatumia dawa zipi, ana mzio wa kitu gani, na ndugu yake wa karibu ni nani. Swali moja hatumwulizi, wala halina nafasi katika faili lake: usiku maumivu yanapozidi na usingizi unapopotea, je, kuna maneno anayoyasoma au kuyaimba ili apate kutulia? Wagonjwa wengi wa Kilosa na Mikumi wangekuwa na jibu. Mmoja angetaja kasida aliyojifunza madrasa, mwingine zaburi aliyofundishwa na mama yake, mwingine wimbo wa kwaya, na mwingine wimbo wa Kikaguru au wa Kividunda aliousikia kwa bibi yake akiwa mtoto. Kwa kuwa hatuulizi, mgonjwa hulichukulia jambo hilo kuwa siri, akichelea kwamba daktari atalidharau.

Katika makala haya ninatoa hoja kwamba ushairi unaoghaniwa kwa utaratibu ni zoezi la roho na la mwili kwa wakati mmoja. Kwamba unastahili kupewa nafasi katika huduma zetu za afya. Na kwamba nafasi hiyo iko kando ya dawa, wala si badala ya dawa. Nitaeleza sababu zangu, kisha nitaweka mipaka, kwa maana pasipo mipaka hoja hii inaweza kumdhuru mgonjwa badala ya kumfaa.

Majeraha yasiyoonekana katika picha ya eksirei

Wilaya ya Kilosa ina historia nzito. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja kingo zake, ukabomoa nyumba na reli, na maelfu ya watu wakajikuta wakiishi kambini katika mahema. Mwezi Desemba mwaka 2000 mapigano baina ya wakulima na wafugaji katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni yalichukua uhai wa watu 38, na migogoro ya ardhi na malisho haikuishia hapo. Upande wa Mikumi, barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa kwa takribani kilomita 50, na wanaohudumu katika hospitali za karibu wanajua maana ya simu inayopigwa saa nane usiku kwamba lori na basi vimegongana.

Mfupa uliovunjika katika ajali hiyo tutauona katika picha ya eksirei, na pengine tutauunga vizuri. Lakini dereva anayeshtuka usingizini kila akisikia breki, mama anayeshikwa na mapigo ya moyo kila mvua ya masika inapoanza kugonga bati, kijana aliyemzika baba yake baada ya mapigano na hajapata kulitamka jina lake tangu siku ile, hao picha zao hazichukuliki. Huja kliniki na maumivu ya kichwa, vidonda vya tumbo, kukosa usingizi na uchovu usioelezeka. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, na wengi wao wamo katika miji mikubwa. Mkazi wa Kidodi au Ulaya hawezi kuambiwa asubiri mpaka bingwa afike kijijini kwake. Hivyo ni busara kuuliza ni nyenzo gani mtu huyo anazo tayari, nyumbani kwake na katika lugha yake, za kumsaidia kuubeba mzigo wake huku akitafutiwa tiba.

Urithi tulionao

Kuutumia ushairi kama njia ya kuituliza nafsi si jambo geni kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mashuhuri mwaka 1858 akiwa mjane na akiwa mgonjwa. Wasomi wengi huutaja kwa sababu ya mawaidha anayompa bintiye. Sisi wa fani ya tiba tuna sababu nyingine ya kuusoma. Baada ya mawaidha, utenzi unageuka kuwa dua ndefu, ambamo mgonjwa anawaombea jamaa zake na kujiombea nafuu. Huyu ni mwanamke aliyeutumia muda wake wa kuugua kupanga maneno kwa mizani na vina, akakabidhi wosia, akaomba, na akafariki baada ya miaka takribani miwili. Nayo Al-Inkishafi, iliyotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19, ni mazungumzo ya mshairi na moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate. Katika istilahi za leo tungesema kwamba mshairi anajishauri.

Shaaban Robert, alipofiwa na mke wake Amina, aliyaweka majonzi yake katika shairi ambalo vizazi vya wanafunzi wamelisoma. Karibu zaidi na Kilosa, huko Dodoma ambako reli hiyo hiyo ya kati hupita, Mathias Mnyampala alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Kwa njia hiyo umbo la utungo lililolelewa na Waislamu wa pwani likabeba sala za Wakristo wa bara, na halikumkataa yeyote. Jambo hilo lina maana kubwa mahali kama Kilosa, ambako mashamba ya mkonge na reli vimekusanya watu wa makabila na imani mbalimbali kwa zaidi ya karne moja.

Wala wanatiba wa zamani hawakuuona ushairi kuwa mgeni katika fani yao. Ibn Sina, ambaye vitabu vyake vilisomeshwa kwa karne nyingi Mashariki na Ulaya, aliandika muhtasari wa elimu ya tiba kwa beti 1,326 ili wanafunzi waweze kuihifadhi vifuani.

Hapa yafaa niseme neno la heshima. Waislamu hawaihesabu Kurani kuwa ni ushairi, nami sikusudii kuiita hivyo. Ninapozungumzia ushairi katika makala haya nina maana ya tenzi, mashairi, kasida, nyimbo za ibada na nyimbo za jadi. Yaani maneno yaliyopangwa na wanadamu kwa mapigo maalumu, yakakaririwa kwa sauti. Kila mtu anajua mpaka wa imani yake, na mhudumu wa afya hana haja ya kumchorea.

Pumzi na mizani

Sasa tuutazame mwili. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwenye hofu hupumua kwa haraka zaidi, na pumzi zake huwa fupi na za juu juu. Mtoaji pumzi anapoirefusha pumzi inayotoka, neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni hufanya kazi zaidi, na mapigo ya moyo hupungua kasi. Hii ndiyo sababu tunawafundisha wagonjwa wenye wasiwasi kupumua polepole. Tatizo ni kwamba kumwambia mtu aliyejawa na hofu "pumua polepole" mara nyingi humfanya aikodolee macho pumzi yake na kuzidi kuhangaika.

Ushairi hulitatua tatizo hilo kwa njia ya mzunguko. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, walioonyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini, na vilevile kukariri mantra za watawa wa Asia, kulipunguza upumuaji hadi takribani mara sita kwa dakika, na kukaimarisha mwitikio wa mwili unaodhibiti shinikizo la damu. Mwaka 2004 Dirk Cysarz na wenzake, wakiwachunguza watu 20 wenye afya njema, waliona kwamba kughani tungo za mtindo wa Wagiriki wa kale kuliufanya moyo na mapafu vifuatane katika mapigo yanayolingana, kuliko ilivyokuwa katika upumuaji wa kawaida. Katika tafiti zote mbili msomaji alishughulika na maneno, na pumzi ikajipanga yenyewe.

Tazama sasa umbo la shairi letu. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Ukiughani kwa mwendo wa mizani mbili kwa sekunde, mshororo mmoja utachukua sekunde nane. Ongeza sekunde mbili za kuvuta pumzi, jumla ni sekunde kumi, na sekunde kumi kwa mshororo ni pumzi sita kwa dakika. Kwa utenzi, ambao kila kipande chake kina mizani nane, vipande viwili kwa pumzi moja hutupeleka pale pale. Kwa ajili ya mfano nimetunga ubeti ufuatao, ili msomaji aujaribu:

Ewe moyo tulizana,
usiku mrefu sana;
kutakucha, na mchana
utaleta nafuuye.

Herufi m katika "mrefu" na katika "mchana" ihesabiwe kuwa mizani kamili. Vuta pumzi, ghani vipande viwili vya kwanza bila kukata, vuta pumzi tena, ghani viwili vya mwisho. Rudia kwa dakika tano. Anayetaka kuuacha ubeti wangu na kuchukua utenzi anaoupenda afanye hivyo, na pengine utamfaa zaidi, kwa kuwa maneno yaliyohifadhiwa tangu utotoni huja na sauti za waliotufundisha.

Kuna njia ya pili, nayo ni ya kutunga. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, kuhusu tukio lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini jambo moja lisisahaulike: mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, si vizuri zaidi. Anayefungua kidonda lazima awe tayari kukifunga. Hapo ndipo umbo la ushairi linapokuwa na manufaa, kwani anayetafuta kina cha mwisho hulazimika kusimama, kupima neno, kulikataa na kulitafuta jingine. Msiba wake huwekwa ndani ya ua wenye mlango, naye anaweza kutoka.

Ulimi uliofungwa

Eneo jingine ambalo ushairi unaweza kutusaidia ni kiharusi. Kiharusi kinapoharibu sehemu ya kushoto ya ubongo, wagonjwa wengi hupoteza uwezo wa kusema. Mzee anajua kikombe ni nini, anakitaka, lakini neno halitoki. Ndugu humdhania amerukwa na akili, na huacha kuzungumza naye. Hata hivyo, mara nyingi mgonjwa huyo huyo, wimbo alioujua tangu zamani ukianzwa, huupokea na kuuimba maneno yake bila kukwama. Maneno yaliyokaririwa pamoja na sauti na mapigo yana njia nyingine katika ubongo, ambayo maradhi hayakuifikia. Juu ya msingi huo matabibu wa Boston, Marekani, walianzisha mwaka 1973 tiba ya kurejesha usemi kwa kutumia mahadhi.

Hatuna mtaalamu wa tiba ya usemi katika kila hospitali ya wilaya. Lakini tuna wajukuu waliojifunza kasida na kwaya zile zile alizozijua babu. Muuguzi akiwaeleza ndugu kwamba wakae kando ya mzee kila jioni, waanze ubeti, kisha wanyamaze na kumwachia neno la mwisho alitamke, atakuwa amewapa kazi yenye maana badala ya kuwaacha wakimtazama. Kwa mzee mwenyewe, kusikia sauti yake ikitoka tena ni ushahidi kwamba yeye bado ni mtu kamili.

Mipaka isiyovukwa

Nimekutana na mama wa makamo aliyekuwa na shinikizo la juu la damu kwa miaka kadhaa. Alikuja akiwa ameacha vidonge kwa miezi mitatu. Baada ya dua na tenzi zake za jioni, alinieleza, kifua chake huwa chepesi kabisa. "Mwanangu, moyo umetulia, kidonge cha nini tena?" Kipimo kilionyesha kwamba mishipa haikuwa na habari ya utulivu ule. Sikumwambia aache tenzi. Nilimwomba kwamba kila anapomaliza ubeti wa mwisho, kabla ya kufunga kitabu, anywe kidonge chake kwa maji aliyokwisha kuyaweka pembeni. "Basi kumbe hicho ndicho kituo," alisema, akacheka. Mwezi uliofuata alirudi na pakiti tupu.

Kisa hicho kina hatari yetu na pia dawa yake. Utulivu wa nafsi ni kitu cha kweli, lakini haupimi shinikizo la damu, hauui vimelea vya kifua kikuu, haushushi virusi vya UKIMWI, wala hauzuii degedege la kifafa. Mtu yeyote, awe mganga, kiongozi wa dini au jirani mwema, anayemshauri mgonjwa aache dawa kwa kuwa amekwisha kuomba, anahatarisha uhai wake. Kwa upande wa pili, mhudumu anayeyabeza maombi ya mgonjwa humlazimisha achague upande mmoja, na wengi hawatachagua upande wetu. Mwenye kidonge na mwenye utenzi hawagombani isipokuwa sisi tuwagombanishe.

Kuna mipaka mingine. Mgonjwa anayesema kwamba maisha hayana maana, anayepanga kujidhuru, anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au aliyeacha kula na kuoga kwa wiki mbili, anahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Asipewe kalamu na kuachwa peke yake. Mwenye pumu, au ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi sawasawa, asijilazimishe kurefusha pumzi. Akihisi kizunguzungu, asimame. Aliyepatwa na tukio la kutisha asishurutishwe kulitungia shairi, na akilitunga, shairi lile ni siri yake kama yalivyo majibu ya maabara. Lisibandikwe ukutani wala kurushwa katika kundi la simu bila idhini yake.

Wako wanaosema kwamba hospitali ya umma si mahali pa dini, na kwamba muuguzi mwenye wagonjwa 40 hana muda wa mashairi. Hoja ya kwanza naikubali kwa sehemu: mhudumu asichague maneno kwa niaba ya mgonjwa, wala asimhubirie. Aulize tu, na apokee jibu lolote, liwe la msikitini, la kanisani, la ngomani, au la mtu asiyesali kabisa lakini anayependa mashairi ya redioni. Kuhusu muda, swali lenyewe halizidi nusu dakika. Mgonjwa atakayefanya zoezi lake usiku kwa sauti ya chini, bila kumwamsha jirani, hamwongezei muuguzi kazi.

Mapendekezo

Kwa wauguzi na matabibu, napendekeza swali hilo liingizwe katika mazungumzo ya kumpokea mgonjwa, na jibu liandikwe katika faili ili zamu inayofuata ilijue. Kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ndio wanaowafikia watu wa milimani Ukaguru na wa mashambani Kimamba, napendekeza siku za kliniki za shinikizo la damu na kisukari zianze kwa dakika tano za kughani pamoja, wagonjwa wenyewe wakiongoza kwa zamu. Katika kila kijiji yupo manju au malenga; mwalikeni. Kwa wagonjwa, ushauri wangu ni kuunganisha dawa na ubeti: chagua saa moja ya kila siku, ghani kwa dakika tano, kisha umeze dawa yako kabla hujainuka.

Kwa wahudumu wenzangu ninalo neno la ziada. Sisi nasi huondoka wodini na majeraha. Muuguzi aliyepokea majeruhi wa ajali usiku kucha huenda nyumbani kupika na kulea, na hakuna anayemuuliza aliona nini. Baadhi yetu tumeanza kuwafokea wagonjwa na hatujui hasira hiyo imetoka wapi. Tenga dakika kumi baada ya zamu, kabla hujapanda bodaboda. Kaa, pumua, ghani ulichonacho. Ukiweza, andika beti mbili juu ya uliyemhudumia, pasipo jina lake wala lolote litakalomtambulisha, kisha ukunje karatasi na uiweke. Ukiona wiki zinapita na usingizi haurudi, usione haya kumwendea mwenzako kama mgonjwa. Sisi tunaowahimiza wengine watafute msaada tunapaswa kuwa wa kwanza kuutafuta.